Siku ya Tatu Tulipewa Jembe

Siku ya kwanza, Dar es Salaam

Leo nimefunga duka saa nane mchana. Kariakoo ilikuwa imefurika watu na wateja wangu wa jumla walikuwa bado wanasubiri marobota yao, lakini ndege ni alfajiri na sanduku nililiacha wazi kitandani tangu juzi.

Mtoto wa kaka yangu yuko Lima, Peru, mwaka wa pili sasa. Anasomea viazi. Lima kuna Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa mwaka 1971, na aina za viazi vya asili zinazotunzwa pale zinapita 4,000. Sisi tunaviita viazi ulaya, kumbe Ulaya vilipita tu. Kwao hasa ni milima ya Andes, na maeneo ya Ziwa Titicaca ni miongoni mwa mahali vilipoanza kulimwa, zaidi ya miaka 7,000 iliyopita. Binti yangu huyu amekuwa akiniambia kwenye simu kila wiki: "Shangazi, njoo uone watu wanaolima viazi tangu enzi hizo. Tutalala kwao, kisiwani, siyo hotelini."

Nimepakia masweta matatu, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, mswala mwembamba, na doti sita za kanga. Tano nilizichukua bila kufikiri sana. Ya sita niliitafuta asubuhi nzima, nikapekua hadi rafu za juu, kwa sababu niliutaka mji, yaani uwanja wa katikati ya kanga, wenye rangi ya machungwa na jina moja tu: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Hiyo ni ya mama wa nyumba tutakayofikia, ambaye simjui hata uso.

Siku ya tatu hadi ya tano, Lima na Arequipa

Addis Ababa, São Paulo, Lima. Safari ndefu, miguu ilivimba, basi.

Tungeweza kupanda ndege moja kwa moja hadi karibu na Ziwa Titicaca, mwanangu akakataa. Ziwa liko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari. Waliowahi kupanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wataelewa: vibanda vya Horombo viko mita 3,720. Yaani maji yale, na boti zake na samaki wake, yako juu kuliko mahali wapandaji wetu wanapolala usiku wa pili wakiwa wameshaanza kuumwa vichwa. Mimi nimezaliwa Temeke, nimekulia Temeke, maisha yangu yote nimeyaishi kwenye usawa wa bahari. Kwa hiyo tulikaa kwanza Arequipa, mita 2,300 hivi, siku mbili za kutembea polepole na kunywa maji, ndipo tukapanda basi la saa sita hadi Puno, mji ulioko ukingoni mwa ziwa. Nawasihi wanaokuja kutoka pwani wafanye hivyo hivyo.

Siku ya sita, Puno

Pamoja na tahadhari zote, usiku kichwa kiligonga. Wenyeji wanaita hali hiyo soroche. Mwenye nyumba ya wageni aliniletea chai ya majani ya koka, akaniambia nisile sana wala nisioge maji ya moto kwa muda mrefu. Asubuhi nikawa na nafuu, nikatoka kuliona ziwa.

Ni la buluu iliyokolea mno, na hewa ni kavu kiasi kwamba milima ya mbali unaiona kama iko ng'ambo ya barabara. Upande mmoja ni Peru, upande wa pili Bolivia. Ukubwa wake ni kilomita za mraba kama 8,300, wakati Ziwa Victoria linapita 68,000. Udogo huo hauonekani ukisimama pale.

Palepale Puno kuna meli kongwe ya chuma iitwayo Yavari. Ilitengenezwa Uingereza mwaka 1862, ikapakiwa vipande vipande, ikavushwa baharini hadi pwani ya huku, kisha nyumbu wa kufugwa, wale chotara wa punda na farasi, wakaibeba mgongoni kupanda milima. Miaka ilipita vipande vikifika kimoja kimoja, na meli iliingia majini mwaka 1870. Niliposikia hivyo nikamshika mwanangu mkono. Hii si ndiyo hadithi ya Liemba? Nayo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa kwenye makasha 5,000, ikashushwa bandarini kwetu Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma, ikaelea Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe, Waingereza wakaja kuiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Marehemu baba alikuwa kuli bandarini, na hadithi ya makasha yale alikuwa akitusimulia kama aliyabeba yeye, ingawa alizaliwa baadaye sana. Nilisimama kando ya Yavari nikamkumbuka hadi nikalia kidogo.

Mchana tulikuwa na jambo la kukera. Wakala mmoja wa safari alitutajia bei ya kulala kisiwani, na mwanangu, ambaye Kihispania chake kimenyooka, akamuuliza katika bei hiyo familia inapata ngapi. Yule bwana alizunguka maneno. Mwishowe akataja kiasi ambacho hakifiki hata robo. Tuliondoka. Boti za wanakisiwa wenyewe zinaondoka bandari ileile asubuhi, unalipa nauli yako, na malazi na chakula unamlipa mwenye nyumba mkononi. Tukaenda sokoni tukanunua mchele, sukari, mafuta ya kupikia na machungwa ya kupeleka, maana kisiwani matunda hayaoti.

Siku ya saba, kufika Amantaní

Boti iliondoka saa mbili asubuhi. Nusu saa hivi tukafika kwa Wauro, watu wanaoishi juu ya visiwa vya matete. Tete lenyewe linaitwa totora. Chini kabisa wanaunganisha mabonge ya mizizi yake, ambayo yanaelea yenyewe, juu wanatandika matete yaliyokatwa, tabaka moja likilala hivi na la juu yake likikata kinyume, na kisiwa kizima wanakifunga kwa kamba kwenye miti iliyokitwa chini kisije kikachukuliwa na upepo. Matete ya chini yanaoza, ya juu yanaongezwa, kazi haina mwisho. Ukikanyaga, mguu unazama kidogo kama uko juu ya godoro. Mama mmoja alinimenyea tete, nikala sehemu nyeupe ya chini. Ina maji mengi na haina ladha kubwa. Hatukukaa.

Baada ya hapo ni maji tu, saa mbili na nusu na zaidi, jua likichoma uso huku upepo ukikata masikio.

Gatini kwenye kisiwa cha Amantaní kina mama walikuwa wamesimama mstari, sketi nene za rangi, mashuka meusi yaliyotariziwa maua kichwani, na mikono yao inafanya kazi wakati wanasubiri: huyu anasokota sufu, yule anafuma. Kisiwa kina jumuiya kumi, na wageni wanagawiwa kwa zamu, leo nyumba hii, kesho ile, ili asiwepo mmoja anayekula peke yake. Zamu ilikuwa ya mama mmoja mfupi, wa makamo yangu. Alinitazama nilivyo, mweusi, nimejitanda ushungi, nahema. Akauliza kitu. Mwanangu akacheka, akanitafsiria: "Anauliza kama shangazi yangu anaweza kupanda, au amwite mumewe aje kukubeba."

Nilipanda. Kisiwani hakuna gari, kuna njia za mawe na ngazi, na kila hatua ishirini nilikaa. Mama mwenyeji naye alikaa kila nilipokaa, akachuma majani kando ya njia, akayafikicha kwenye viganja, akaniwekea puani. Ni muña, kama mnanaa lakini kali zaidi. Pumzi ikafunguka.

Nyumba ni ya matofali ya udongo, bati juu, ua katikati, choo nje, taa ya sola. Jiko liko peke yake, limekaa moshi miaka mingi hadi kuta zinang'aa. Tulikula supu ya kwinoa, punje ndogo za huko zinazopikwa kama nafaka, halafu viazi vya namna tatu na kipande cha jibini la kukaanga. Chakula chao cha kila siku kina nyama kidogo sana, kwa hiyo mimi Mwislamu sikupata tabu hata siku moja.

Lugha yao ya nyumbani ni Kikechua. Mama wao wanasema "mama", kama sisi. Baba ni "tayta". Asante ni "sulpayki". Kila sentensi yangu ilisafiri kwa Kiswahili, ikageuka Kihispania mdomoni mwa mwanangu, ikageuka Kikechua mdomoni mwa binti wa nyumba mwenye miaka tisa, na jibu likarudi kwa njia ileile. Nilimpa mama ile kanga. Hakuangalia rangi kwanza. Aliishika pindo kati ya kidole gumba na cha shahada, akaisugua, akaielekeza kwenye taa. Hivyo ndivyo ninavyofanya mimi mzigo mpya ukifika dukani. Akauliza hayo maandishi ni nini. Nikamwambia kila kanga ina jina lake, na jina la hii ni kwamba mgeni aje ili mwenyeji apate nafuu. Likapita midomo mitatu. Alifikiri, akajibu, na jibu lilipofika kwangu lilikuwa hivi: "Nafuu ya nini? Mbona mimi siumwi?"

Nilishindwa kumjibu usiku ule. Nililala chini ya mablanketi manne.

Siku ya nane, kisiwani

Niliamka kuswali alfajiri. Maji ya ndoo nje yalikuwa na ngozi nyembamba ya barafu. Nilivua soksi nikijipa moyo, kumbe mama mwenyeji ameshaamka na ananiona kutoka jikoni. Akaja, akanipokonya kopo, akarudi ndani. Baada ya muda akaniletea maji ya vuguvugu kwenye bakuli la udongo, akasimama pembeni mpaka nilipomaliza kutawadha, kisha akanikausha miguu kwa kitambaa chake mwenyewe. Hatukuwa na mkalimani saa ile. Nilitandika mswala kuelekea mashariki, kushoto kidogo, na nyuma yangu nikawa nasikia anavunja kuni polepole, asinikatize. Tangu siku hiyo maji ya moto yalikuwa tayari kila alfajiri.

Mchana tulipanda juu. Kisiwa kina vilele viwili, Pachatata na Pachamama, Baba Dunia na Mama Dunia, vyote vinapita mita 4,000, na kila kimoja kina hekalu la mawe la kale ambalo hufunguliwa siku ya sikukuu tu, mwezi Januari. Kutoka huko unaona milima ya Bolivia yenye theluji imejipanga ng'ambo ya maji.

Usiku kulikuwa na ngoma ya wageni ukumbini. Kina mama wanawavalisha wageni sketi na mashati ya kutarizi, filimbi na gitaa vinapigwa, watu wanashikana mikono wanazunguka. Wageni wengine walifurahi. Mimi niliona wenyeji wamechoka, wametoka shambani tangu asubuhi, nikamwomba mama turudi nyumbani. Alikubali haraka.

Siku ya tisa, shambani

Wageni wengi hulala usiku mmoja, boti ya asubuhi inawachukua. Sisi tulikuwa tumeomba usiku wa tatu. Leo boti ilipoondoka na tukabaki, nyumba ilibadilika. Meza tuliyokuwa tunaandaliwa peke yetu haikuandaliwa. Tuliitwa jikoni, tukakaa kwenye viti vifupi karibu na moto pamoja na baba na watoto, bakuli magotini. Baada ya uji wa shayiri baba akatoka, akarudi na vijembe vitatu, kimoja akanikabidhi mimi.

Nilicheka kwa furaha. Nikamwambia mwanangu: "Mweleze kwamba kwetu tunasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Maneno yakapita Kihispania, yakapita kwa binti, na yalipofika kwa baba na mama walipiga makofi. Baba akasema na wao wana amri tatu za wazee: ama suwa, ama llulla, ama qilla. Usiibe, usiseme uongo, usiwe mvivu.

Kijembe chenyewe ni kifupi, bapa la chuma limefungwa kwa ukanda wa ngozi kwenye tawi lililopinda lenyewe, na unalima umeinama au umepiga goti. Mei ni mwezi wa kuvuna. Mashamba ni matuta ya ngazi yaliyozuiwa na kuta za mawe, madogo, mengine hayazidi sebule yangu. Hatukuwa peke yetu. Walikuja majirani wanane, kwa sababu kazi hiyo inakwenda kwa ayni: leo wewe shambani kwangu, kesho mimi kwako, na hesabu inatunzwa kichwani.

Mama alinionyesha mara moja. Usipige shina, piga kando yake, vuta udongo kuelekea kwako, halafu acha jembe utumie vidole. Viazi vikatoka: vyeusi, vya zambarau, vyekundu vyenye macho ya njano, vingine virefu vimejikunja kama tangawizi. Mwanangu alikuwa kama mtu aliyekutana na ndugu zake, anavitaja majina, na kina mama wanamsahihisha. Kisha vinachambuliwa palepale: vikubwa vya kula, vya kati vya mbegu, vidogo vinasubiri baridi kali ya Juni, vigandishwe usiku, vikanyagwe kwa miguu, vikaushwe juani viwe chuño, chakula kinachokaa ghalani miaka. Kulikuwa pia na oka, mizizi midogo ya pinki, inayoanikwa juani siku kadhaa mpaka uchachu wake ugeuke utamu.

Saa sita mchana vijana wakajenga tanuri kwa mabonge ya udongo mkavu, bonge juu ya bonge bila tope lolote, mpaka likawa kuba linalonifika gotini, na mlango mdogo. Wakawasha moto ndani. Mabonge yalianza meusi, yakawa mekundu, halafu yakapauka, na hapo ndipo wakasema tayari. Wakakokota makaa nje, wakamimina viazi na oka ndani, kisha baba akalipiga kuba kwa nyuma ya jembe likabomokea humohumo, likafunikwa udongo. Nusu saa baadaye tukafukua. Ngozi ya kiazi ilikuwa kavu kama karatasi na ndani ni unga mtupu, unavunjika mkononi. Wanachovya kwenye udongo mweupe uliokorogwa kwa maji na chumvi, wanauita ch'aqu. Nilipouonja nikasema, huu si udongo wa pemba? Ule tunaouza Kariakoo kwa wajawazito? Mwanangu akanisaidia kueleza, na yule mama, kwa mara ya kwanza, akanishika bega akacheka mpaka akatoa machozi. Wajawazito wa huko nao, alisema, huutafuta.

Tulirudi jua linazama. Mgongo wangu uliuma vizuri. Jikoni mama aliitoa ile kanga, akataka tuikate, nikaikata doti kwa kisu cha viazi. Na hapo nikamjibu swali lake la usiku wa kwanza. Nikamwambia: kwetu mwenye nyumba akipata mgeni, siku hiyo nyumba inapikwa chakula kizuri, watoto wanashiba, hata waliogombana wanapatana kwa aibu ya mgeni. Hiyo ndiyo nafuu. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema majirani wanane hawakuwa wameahidi kuja leo, walikuja kumwona mwanamke mweusi analima, na shamba la siku mbili limeisha siku moja. "Basi nimepona," akasema.

Siku ya kumi, Taquile na kurudi

Nilimlipa mkononi, akahesabu, akanirudishia kidogo, nikakataa, akanifungia viazi vya kula njiani.

Boti ilipitia kisiwa cha Taquile, ambako wanaume ndio wanaofuma kofia. Kofia ya kijana asiyeoa ina sehemu nyeupe, ya aliyeoa ni nyekundu nzima. Wanawake wanasuka mikanda, na upo mkanda mpana wenye alama za mwaka mzima wa kilimo na ibada. Sanaa yao ya nguo ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Nilikaa na mzee mmoja robo saa, kidole chake kikipita kwenye mkanda: hapa kupanda, hapa kuvuna. Nikamfungulia kanga yangu niliyojifunga, nikapitisha kidole kwenye jina, nikamsomea. Tuliangaliana. Niliununua mkanda ule bila kuomba punguzo, na mimi ni mtu wa Kariakoo.

Dar es Salaam, wiki tatu baadaye

Mkanda nimeutundika dukani nyuma ya kaunta. Wateja wanauliza bei, nawaambia hauuzwi, halafu nawasomea miezi.

Leo mchana simu imeingia picha. Mwanangu ameitumiwa na binti wa kule, akanirushia. Mama mwenyeji amepigwa picha kwa nyuma, anapanda njia ya mawe. Mgongoni kabeba mzigo wa viazi kwenye kanga, amekunja vipande vyote viwili pamoja ili vihimili uzito, ncha amezifunga kifuani. Nusu ya jina imemezwa na mkunjo. Inayosomeka ni MWENYEJI APONE.